Makovu ya Reichstag: Simulizi ya Safari ya Berlin

Jumatatu

Anayeshuka treni katika kituo kikuu cha Berlin na kuuvuka mto Spree kwa miguu hulikuta jengo la Reichstag, nyumba ya Bunge la Ujerumani, likiwa peke yake kando ya uwanja mpana wa majani, halina jirani wa kulibana, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulizunguka lakini ni vigumu kukadiria ukubwa wake mpaka umwone mtu amesimama chini ya nguzo sita za baraza yake ya mbele. Nilianza na upande huu wa magharibi, ziliko ngazi pana na lango kuu, nikiwa na jambo moja nililotaka kulihakiki kwa macho. Jengo hili lilikamilika mwaka 1894, likaungua mwaka 1933, na Bunge halikurudi kufanya kazi humo kwa kudumu hadi mwaka 1999, hata ukihesabu miaka 100 ya kwanza ya uhai wake utakuta lilikaa bila Bunge muda mrefu kuliko lilivyokaa na Bunge. Nilitaka kuona miaka hiyo ya utupu imehifadhiwa wapi.

Kuchelewa kulianza kabla ya jiwe la kwanza. Dola ya Ujerumani iliundwa mwaka 1871, na Bunge lake likapewa makao ya muda katika kilichokuwa kiwanda cha kifalme cha vyombo vya kaure, makao ambayo yalidumu zaidi ya miaka 20. Mashindano ya usanifu yalifanyika mwaka 1872 na mshindi akapatikana, Ludwig Bohnstedt, lakini kiwanja hakikupatikana: juu yake lilisimama kasri la Athanasius Raczynski, bwana mwenye cheo na mkusanyaji wa picha za sanaa, ambaye hakutaka kusikia habari za kuuza. Alifariki mwaka 1874, mwanawe akaja kukubali miaka kadhaa baadaye, na kufikia hapo mashindano yalilazimika kurudiwa. Mwaka 1882 alishinda Paul Wallot wa Frankfurt, na tarehe 9 Juni 1884 Kaisari Wilhelm I akaweka jiwe la msingi.

Wallot alijenga kwa mawe ya mchanga, kwa mtindo unaoazima mengi kutoka majumba ya Italia ya karne ya 16, na katika pembe nne akasimamisha minara minne inayowakilisha falme nne za dola ile, yaani Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg. Kilichomsumbua zaidi ni kuba. Yeye alitaka ikae juu kabisa ya ukumbi wa mijadala. Wakubwa wakamlazimisha kuisogeza mbele, juu ya sebule ya kuingilia. Na aliporuhusiwa hatimaye kuirudisha alikotaka, kuta zilikuwa zimekwisha kujengwa na hazikuwa na nguvu ya kubeba kuba ya mawe. Mhandisi Hermann Zimmermann ndiye aliyelitatua tatizo hilo kwa kubuni kuba nyepesi ya chuma na kioo, iliyofika kimo cha mita 75 kutoka chini. Kwa hiyo kuba ya kioo ambayo watalii wa leo huitazama kama wazo la kisasa ilikuwapo hapo hapo tangu karne ya 19, tena kwa sababu ya udhaifu wa kuta. Kaisari Wilhelm II, aliyelizindua jengo tarehe 5 Desemba 1894, hakulipenda hata kidogo na hakuficha chuki yake, wala hakulipenda Bunge lenyewe.

Juu ya nguzo kuna maandishi ambayo Wallot aliyapangia nafasi tangu mwanzo, lakini nafasi hiyo ilibaki tupu kwa zaidi ya miaka 20. Yanasomeka Dem deutschen Volke, yaani kwa taifa la Wajerumani, na yaliwekwa Desemba 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilipokuwa inahitaji sana kuungwa mkono na wale wale ambao vijana wao walikuwa wanafia vitani. Kila herufi ina kimo cha sentimita 60, na shaba nyeusi yake ilitokana na mizinga miwili ya Ufaransa iliyotekwa katika vita dhidi ya Napoleon. Peter Behrens alichora herufi hizo akisaidiana na Anna Simons, na waliozisubu ni wahunzi wa familia ya Loevy, Wayahudi wa Berlin, ambao baadhi yao waliuawa baadaye na utawala wa Hitler. Mtu anayepiga picha yake pale chini hana njia ya kulijua hilo kwa kutazama tu.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye pembe ya kusini-magharibi, ambako watu wengi hupita bila kusimama. Pale kuna mabamba 96 ya chuma cha kusubu, yamesimamishwa kwa ubavu yakipangana moja nyuma ya jingine, kingo zake za juu zikiwa zimechongoka kama mawe yaliyopasuliwa. Kila bamba ni la mbunge mmoja aliyeuawa na Wanazi, na kwenye ukingo wake limeandikwa jina, chama, mahali na tarehe ya kifo. Ili kusoma ni lazima uiname. Yumo Ernst Thälmann, kiongozi wa Wakomunisti, aliyeuawa Buchenwald mwaka 1944. Herufi ni ndogo na chuma kimeingia kutu ya kahawia, na nadhani waliobuni walikusudia hivyo, kwa maana huwezi kulimaliza kumbukumbu hili kwa jicho moja ukiwa njiani.

Jumanne

Leo sikuliendea jengo lenyewe, bali nilipita lango la Brandenburg hadi barabara ya Wilhelmstrasse, mwendo mfupi tu, kutafuta mahali ilipokuwa ofisi ya Kansela Otto von Bismarck. Jengo la zamani halipo tena. Kuna bango la kumbukumbu linaloeleza kwamba hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa Berlin kuhusu Afrika, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Msomaji wa Afrika Mashariki na azilinganishe tarehe: jiwe la msingi la Reichstag lilikuwa limewekwa miezi mitano tu kabla ya mkutano huo, na siku moja baada ya kufungwa kwake Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta makoloni Afrika Mashariki, na kampuni yake walipata hati ya ulinzi ya Kaisari kwa ardhi walizodai kuzipata kwa mikataba huko kwetu. Nyumba ya Bunge na dola ya makoloni zilikuwa zinajengwa kwa wakati mmoja.

Uwezo wa Bunge lile ulikuwa na mipaka. Wanaume waliotimiza miaka 25 walilichagua kwa kura ya siri, jambo lililokuwa kubwa kwa zama hizo, lakini Kansela aliteuliwa na Kaisari na hakuweza kuondolewa na wabunge. Silaha yao ilikuwa bajeti. Hivyo habari za makoloni ziliingia ukumbini kwa mlango wa fedha, na mara nyingine mlango huo ulipitisha mambo ambayo serikali isingependa yasikike. Machi 1896, chini ya ile kuba ya kwanza, August Bebel wa chama cha Wasoshalisti alisimama kumshtaki Peters kwa kuwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja katika kituo chake cha Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Peters alifukuzwa kazi serikalini. Kisha vita dhidi ya Waherero na Wanama huko Namibia ya leo, vilivyoanza mwaka 1904, na vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, viliongeza gharama hadi wabunge wengi wakachoka kulipa; tarehe 13 Desemba 1906 waliikataa bajeti ya nyongeza ya vita vya Namibia kwa kura 177 dhidi ya 168, na serikali ikajibu kwa kulivunja Bunge siku hiyo hiyo.

Uchaguzi wa Januari 1907 uliipa serikali wingi iliokuwa inautaka. Kuta zile, kwa hiyo, zimesikia jina la Kilimanjaro likitajwa kwa hasira, na ni vigumu kwa mtu wa kwetu kuzitazama kana kwamba ni historia ya wengine.

Jumatano

Kuingia ndani hakulipiwi, lakini ni sharti uandikishe jina na tarehe ya kuzaliwa mapema na uje na pasipoti. Baada ya ukaguzi tulikabidhiwa kwa mama mmoja wa makamo, mwongozaji mwenye sauti ya chini, ambaye alituanzishia ziara yake kwenye korido badala ya ukumbini.

Alifanya vyema, kwa sababu korido ndizo zinazobeba jibu la swali langu. Kwenye kuta za mawe ya rangi ya maziwa, kuanzia usawa wa kiuno hadi juu ya pale mkono wa mtu mrefu unapofika, kuna maandishi ya Kirusi yaliyoandikwa kwa mkaa na kwa chaki ya rangi: majina ya askari, miji walikotoka, njia walizopita hadi Berlin, na tarehe za Mei 1945. Mengine yameandikwa kwa mwandiko wa shule, yamenyooka. Mengine yamepandana, jina juu ya jina, kwa kuwa kila aliyefika alitaka nafasi. Ukisogea karibu unaona chembe za mkaa zilivyojaa kwenye vinyweleo vya jiwe, na pembeni yake matundu ya risasi yaliyozibwa nusu nusu.

Maandishi haya yalipotea machoni kwa miongo mitatu hivi, kwa maana msanifu Paul Baumgarten, aliyelikarabati jengo katika miaka ya 1960, alizifunika kuta kwa mabamba meupe ya kisasa ili kuanza upya. Mabamba hayo yalipobanduliwa mwaka 1995 maandishi yakajitokeza, na Norman Foster, msanifu Mwingereza aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya kulirudisha jengo kwa Bunge, akatetea yabaki. Yale ya matusi yaliondolewa kwa kushauriana na ubalozi wa Urusi. Baadaye walitokea wabunge waliotaka mengi zaidi yafutwe, lakini hawakufaulu. Nilimuuliza mama yule kama wabunge huyazoea wakaacha kuyaona. Alijibu kwamba wageni wao hawayazoei, na kwamba mbunge akishaulizwa na wageni wake mara nyingi kiasi hicho, hulazimika kujua jibu.

Ukumbi wenyewe una eneo la mita za mraba 1,200 na viti vya rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Nyuma ya kiti cha spika ametundikwa tai wa alumini mwenye uzito wa tani mbili na nusu, mnene, anayefanana na kuku aliyeshiba, na Wajerumani wenyewe humtania hivyo. Umbo lake lilitoka Bonn, ambako Ludwig Gies alilichonga kwa ajili ya Bunge la Ujerumani Magharibi.

Hapa ndipo moto ulipolipuka usiku wa tarehe 27 Februari 1933, Hitler akiwa hajatimiza mwezi katika ukansela. Aliyekamatwa ndani ya jengo ni kijana Mholanzi, Marinus van der Lubbe, ambaye alikatwa kichwa kwa mashine Januari mwaka uliofuata, na wanahistoria hawajaacha kubishana kama alifanya peke yake. Lisilobishaniwa ni kilichofuata: kesho yake amri ya dharura ilisitisha uhuru wa magazeti, wa kukutana na wa mtu kutokamatwa ovyo, na tarehe 23 Machi, katika jumba la opera la Kroll lililokuwa ng'ambo ya uwanja, sheria ya kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge ilipitishwa kwa kura 444 dhidi ya 94. Kura zote 94 za kukataa zilitoka kwa Wasoshalisti, kwani Wakomunisti walikuwa wamezuiwa kuhudhuria. Watu wengi hudhani Hitler aliwahi kuhutubia ndani ya Reichstag akiwa Kansela. Hotuba zile za kwenye filamu ni za Kroll, jumba ambalo leo halipo hata msingi wake hauonekani.

Ghorofa ya chini kuna kazi ya msanii Christian Boltanski, ujia mwembamba kati ya masanduku ya chuma yenye kutu, kila sanduku na jina la mbunge aliyechaguliwa kidemokrasia kati ya mwaka 1919 na 1999. Waliouawa na Wanazi wana alama nyeusi. Katikati pana sanduku moja jeusi linalosimama badala ya miaka ambayo hapakuwa na uchaguzi huru. Karibu na hapo, katika njia ya kwenda majengo ya jirani, kimehifadhiwa kipande cha handaki la mabomba ya kupasha joto lililounganisha Reichstag na nyumba ya spika wa zamani, ambaye mwaka 1933 alikuwa Hermann Göring; ndiyo maana handaki hilo halikukosa kutajwa katika kila dhana kuhusu moto.

Alhamisi

Nilipanda kwenye kuba asubuhi na mapema, kabla ya misafara ya shule. Ina kipenyo cha mita 40 na kimo cha mita 23.5, na njia mbili za mteremko huizunguka kwa ndani, moja ya kupandia na moja ya kushukia, bila wapandao kukutana na washukao. Katikati imening'inia koni yenye vioo 360 inayofanya kazi mbili kwa pamoja: huurudisha mwanga wa mchana hadi chini ukumbini, na huivuta hewa ya moto iliyochoka kutoka ukumbini na kuitoa nje kupitia juu, ambako kuba imeachwa wazi. Kuna kivuli kinachozunguka kulifuata jua ili miale isiwachome wabunge moja kwa moja. Joto la ziada la mitambo huhifadhiwa wakati wa kiangazi katika maji yaliyo mamia ya mita ardhini, kisha hupandishwa wakati wa baridi.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Foster hakuitaka kuba. Mchoro wake wa mashindano ya mwaka 1993 ulikuwa na paa kubwa lililo bapa, limekaa juu ya nguzo ndefu na kulifunika jengo zima kama turubai la shughuli. Gharama zililiua wazo hilo, na wabunge, hasa wa vyama vya kihafidhina, wakashikilia kwamba jengo lisilo na kuba si Reichstag. Foster alikubali kwa shingo upande, na alichokitoa kikawa kazi yake inayojulikana kuliko nyingi. Mimi nawaunga mkono wabunge. Paa lile lingekuwa la msanifu. Kuba hii, inayowaruhusu raia kutembea juu ya vichwa vya waliowachagua na kuwatazama kwa kioo, imekuwa ya watu.

Kutoka kwenye paa la kaskazini nilichungulia ua wa ndani. Mle msanii Hans Haacke ameweka sanduku la mbao lenye urefu wa mita 21 na upana wa mita 7, na katikati yake maandishi meupe ya taa yanayolikabidhi jengo kwa wakazi wote wa nchi, kwa mwandiko ule ule wa Behrens. Wabunge hualikwa kuleta udongo kutoka majimbo yao na kuumwaga humo, na hakuna anayeruhusiwa kupalilia, hivyo magugu na vichaka huota vipendavyo na kuyafunika maandishi kwa vipindi. Aprili 2000 kazi hiyo iliidhinishwa kwa kura 260 dhidi ya 258. Sijawahi kusikia sanamu nyingine iliyopita kwa tofauti ya kura mbili.

Ijumaa

Nyuma ya jengo, upande wa mashariki, mistari miwili ya mawe imepachikwa barabarani kuonyesha ulipopita Ukuta wa Berlin. Ni hatua chache tu kutoka ukutani mwa Reichstag: jengo lilikuwa Magharibi, lakini aliyetoka kwa mlango wake wa nyuma alikuwa mpakani. Kando ya mto kuna misalaba meupe ya waliouawa wakijaribu kuvuka, akiwemo Günter Litfin, aliyepigwa risasi tarehe 24 Agosti 1961, siku 11 baada ya Ukuta kuanza kujengwa.

Miaka ya baada ya vita huonekana zaidi upande huu. Jengo lilikuwa gofu. Uwanja wake wa mbele ulilimwa viazi na mboga na watu wenye njaa. Tarehe 9 Septemba 1948, Berlin ikiwa imezingirwa, mwanasiasa wa Berlin Ernst Reuter aliwahutubia mamia ya maelfu ya watu mbele ya gofu hilo, akiyataka mataifa ya dunia yautazame mji wake. Mabaki ya kuba ya Zimmermann yalilipuliwa kwa baruti Novemba 1954. Baumgarten alipomaliza ukarabati wake ukumbi ulikuwa tayari, lakini makubaliano ya mataifa manne yaliyoshinda vita, ya mwaka 1971, hayakuruhusu Bunge la Ujerumani Magharibi kufanya vikao vyake kamili humo. Lilibaki jengo la kamati na la maonyesho ya historia. Hata baada ya muungano wa tarehe 3 Oktoba 1990 kurudi hakukuwa na uhakika: tarehe 20 Juni 1991, huko Bonn, wabunge walijadiliana kutwa nzima na kuichagua Berlin kwa kura 338 dhidi ya 320.

Kabla ya mafundi wa Foster kuingia, wasanii Christo na Jeanne-Claude walilifunika jengo lote kwa zaidi ya mita za mraba 100,000 za kitambaa chenye rangi ya fedha, kwa wiki mbili za Juni na Julai 1995, baada ya kuiombea ruhusa kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Watu milioni tano walikuja kutazama. Tarehe 19 Aprili 1999 Bunge likafungua kikao chake humo.

Nilivuka mto kwa daraja la waenda kwa miguu linalounganisha jumba la Paul Löbe na jumba la Marie-Elisabeth Lüders, majengo mawili ya Bunge, yote mawili kazi ya msanifu Stephan Braunfels. Juu yake lipo daraja jingine, la wabunge na watumishi wao, na yote mawili yanakatiza pale pale ulipokuwa mpaka. Katika jumba la Lüders, lenye maktaba ya Bunge, vimesimamishwa vipande vya Ukuta ambavyo msanii Ben Wagin aliandika juu yake miaka na idadi ya waliouawa kila mwaka. Kwangu madaraja haya mawili ni usanifu bora kuliko kuba, ingawa hakuna anayepanga foleni kuyaona.

Jumamosi

Nilirudi magharibi kuangalia jambo dogo lililonikera tangu siku ya kwanza: ngazi pana za Wallot zimezungushiwa vizuizi, na mgeni huingilia kwenye vibanda vya ukaguzi vilivyowekwa pembeni kwa muda, muda ambao umekwisha kuwa miaka mingi. Sababu zipo. Tarehe 29 Agosti 2020 mamia ya waandamanaji walivunja vizuizi na kupanda ngazi hizo wakiwa na bendera za dola ya zamani, na kwa dakika chache mlango ulilindwa na polisi wachache mno. Tangu hapo mipango ya usalama imepata nguvu zaidi: kituo kipya cha wageni ng'ambo ya barabara, njia ya chini ya ardhi ya kuwaleta ndani, na mfereji mkavu wa kukatiza uwanja mbele ya ngazi. Ukichimbwa, utakuwa badiliko la kwanza kubwa la sura ya nje tangu kuba ya Foster, na safari hii ni badiliko la kumweka raia mbali zaidi na lango, chini ya maandishi yanayosema jengo ni lake.